Mwogeleaji, Mvizia au Msafiri: Kuchagua Mnyama Mkubwa wa Jangwani kwa Hadithi Yako

Mtunzi anayepanga hadithi ya mnyama mkubwa wa jangwani na watu wanaomwinda kwa kawaida huanza na mnyama mwenyewe: urefu wake, meno yake, ngurumo yake. Akifika sura ya nne anakwama, kwa sababu wawindaji wake hawana la kufanya zaidi ya kupiga kelele na kurusha mikuki. Kosa lilitokea mwanzoni. Mnyama ndiye anayeamua wawindaji wawe watu wa namna gani: wawe kumi au mia, wahame au wakae, wamheshimu zaidi fundi wa kamba, mpishi wa sumu au mchunga ngamia.

Hapa tunalinganisha aina tatu zinazowatatiza watunzi wengi, pamoja na waendeshaji wa michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo wachezaji hukaa pamoja na kubuni hadithi. Wa kwanza ni mwogeleaji, anayepita ndani ya mchanga kama samaki majini. Tumpe urefu wa mita 20, unene wa mita 1.5 na uzito wa tani 30. Wa pili ni mvizia, anayejizika chini ya shimo la mchanga na kungoja. Huyu ana urefu wa mita 3 na uzito wa tani 1.5. Wa tatu ni msafiri, mwenye miguu minne, anayehama juu ya ardhi kufuata malisho, kimo chake mita 5 begani na uzito tani 12. Unaweza kubadilisha vipimo hivi, ila usisahau kwamba ukimwongezea mnyama urefu mara 2, uzito wake huongezeka mara 8, ilhali nguvu ya mifupa ya miguu yake huongezeka mara 4 tu. Ndiyo maana msafiri hawezi kukuzwa ovyo.

Vigezo ni vitano: ardhi anayoihitaji, anavyowahisi watu, anachokula, anavyowindwa pamoja na mambo yanayokwenda mrama, na kinachobaki akishauawa. Uwindaji umepewa nafasi kubwa kuliko vingine kwa sababu humo ndimo hadithi yenyewe ilimo.

Ardhi anayoihitaji

Watu wengi wakisikia jangwa huona vilima vya mchanga hadi upeo wa macho. Sahara yenyewe ina mchanga wa namna hiyo katika takriban robo tu ya eneo lake. Sehemu kubwa iliyobaki ni mwamba na tambarare za kokoto. Chora ramani ya ardhi kabla ya kuchora mnyama.

Mwogeleaji anaweza kuishi penye mchanga mkavu, mlegevu na wenye kina tu. Anaye mfano wa kweli: mjusi mdogo wa Sahara na Uarabuni aitwaye Scincus scincus. Mwaka 2009 watafiti walimpiga picha za eksirei akiwa chini ya mchanga, wakaona kwamba akishazama hukunja miguu ubavuni na kujipinda kama nyoka. Tofauti ni uzito. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina karibu tani 1.6, kwa hiyo mgongo uliozama mita 2 hubeba zaidi ya tani 3 kwa kila mita mraba. Mwogeleaji wetu mwenye mgongo wa mita mraba 30 angekuwa amejitwisha tani 96. Usimzamishe zaidi ya hapo. Apite karibu na uso wa mchanga, ainue tuta linaloonekana, na nyuma yake mchanga ubonyee. Hilo ni jambo jema kwa mtunzi, maana wawindaji wanapata alama ya kusoma.

Mvizia anahitaji eneo dogo zaidi: mchanga laini uliokingwa na upepo na mvua, kama ule ulio nyuma ya mwamba. Mfano wake unajulikana na kila mtoto aliyechezea mchanga chini ya ukingo wa paa: kile kidudu kinachochimba kishimo cha umbo la faneli na kungoja sisimizi watumbukie, ambacho wengine hukiita fukufuku. Siri ya kishimo hicho ni mwinamo. Mchanga mkavu hauwezi kusimama wima zaidi ya nyuzi 34 hivi, na ukiukanyaga ukiwa kwenye mwinamo huohuo, unaporomoka. Kwa mnyama wa mita 3, shimo la kipenyo cha mita 14 linatosha, na kina chake kitakuwa mita 4.7. Liandike hivyo. Shimo la mita 14 lenye kina cha mita 20 haliwezekani katika mchanga mkavu, na msomaji aliyewahi kumwaga mchanga wa kujengea atalijua hilo papo hapo.

Msafiri anaweza kwenda karibu kokote isipokuwa kwenye vilima vyenyewe, ambako miguu yake itazama. Ukitaka kuweka hadithi yako Chalbi, kule Marsabit, ambako chini ni udongo na chumvi ya ziwa lililokauka, huyu tu ndiye atakayekufaa. Na kule Olduvai uko ule mchanga mweusi unaohama, jivu la volkano ya Ol Doinyo Lengai lililokusanywa na upepo likawa tuta la umbo la mwezi mwandamo, lenye kimo cha mita 9 hivi na urefu wa mita 100. Ni mahali pazuri pa kutua kwa tukio moja, lakini mwogeleaji wa mita 20 hana pa kugeukia humo.

Anavyowahisi watu

Mwogeleaji na mvizia wote wawili husikia kwa mtetemo, na hapa asili imefanya kazi ambayo mtunzi anaweza kuiazima bila haya. Nge wa mchangani wa jangwa la Mojave, Marekani, hutambua upande aliko mdudu kwa kulinganisha mguu upi kati ya minane umetangulia kuhisi. Fuko-dhahabu wa Namib, ambaye ni kipofu, huchomeka kichwa mchangani kusikiliza. Mtetemo wa juu ya mchanga ni wa polepole, karibu mita 50 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mtu akianguka mita 500 kutoka kwa mwogeleaji, habari humfikia baada ya sekunde 10. Kisha ongeza muda wa mnyama kuja: akienda mita 3 kwa sekunde, ni karibu dakika 3. Wawindaji wanaojua hesabu hiyo wana nafasi ya kuamua, na msomaji anapata kuhesabu pamoja nao.

Epuka mtego mmoja: kumwita mnyama kwa ngoma au chombo kinachogonga mchanga. Wasomaji wamekwisha kuliona hilo mara nyingi. Afadhali utumie mchanga unaoimba. Kuna vilima ambavyo mchanga wake ukiporomoka hutoa ngurumo nzito inayosikika mbali, na mnyama anayetegemea mtetemo atakuwa kama kipofu ngurumo hiyo inapodumu. Wawindaji wanaweza kuisubiri, au kuianzisha wenyewe kwa kuteremka upande wa poromoko.

Msafiri huona na kunusa. Kwa hiyo upepo ndio kila kitu, na wawindaji wake watazungumza kama mabaharia: nani yuko joshini, upepo unakotoka, na nani yuko demani, unakoelekea. Ukimwendea kutoka joshini umempoteza kwa siku nzima.

Anachokula

Kigezo hiki hurukwa, na ndicho kinachotoa sababu ya uwindaji. Mnyama wa tani 30 anayekula nyama, kama angekuwa na damu moto kama simba, angehitaji takriban kilo 300 kwa siku, na jangwa halina akiba hiyo. Mpe damu baridi kama mamba, na hitaji lake litashuka hadi sehemu moja ya kumi: kilo 30 kwa siku, yaani takriban tani 11 kwa mwaka. Hao ni kama ngamia 28 wa kilo 400 kila mmoja. Kwa kijiji chenye ngamia 200, hasara ya 28 kwa mwaka ni vita. Sasa wawindaji wako wana sababu ambayo haihitaji laana wala unabii.

Mvizia hula kidogo zaidi na anaweza kukaa miezi bila kitu. Hatari yake haitokani na njaa. Inatokana na mahali anapochimba, na akichimba kwenye njia ya kwenda kisimani, ndiyo hadithi. Kidudu tunachomwiga hunyonya maji ya mwili wa windo kisha hulitupa ganda nje, basi ukingo wa shimo umejaa mizoga mikavu, myepesi kama pakacha tupu.

Msafiri hula majani. Tembo wa tani 6 hula kilo 150 hivi kwa siku, kwa hiyo msafiri wa tani 12 atamaliza bonde la migunga haraka na kuhama. Hamwindi mtu, na huwindwa kwa ajili ya nyama, mafuta na ngozi. Msomaji atamhurumia. Ukichagua huyu, kubali jambo hilo mapema na uliandike kwa ujasiri.

Uwindaji na yanayokwenda mrama

*Mwogeleaji.* Mfano bora ni wavuvi wa nyangumi. Huko Lamalera, Indonesia, mrusha chusa, yaani mkuki wenye kamba, huruka kutoka kichwa cha mashua na kumchoma nyangumi kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Watu wa Aktiki walifunga kwenye kamba maboya ya ngozi ya sili yaliyojaa hewa, ili mnyama achoke kwa kuyavuta. Mchangani boya halina maana, lakini kikwazo cha kukokota kinayo: mbao nne zilizofungwa kama mlango, zikisimama kwa pembe ili zijichimbie zinapovutwa.

Kikosi ni watu 25 hadi 30. Wanasimama juu ya mwamba unaopakana na mchanga, kamwe si juu ya mchanga wenyewe. Kila chusa kina watu watatu: mrushaji, mtoa kamba na mwenye shoka. Kamba ya mkonge ya mita 60 imekunjwa ndani ya pakacha kwa mzunguko mmoja bila kubadili mkono, na mwisho wake umefungwa kikwazo. Wavua nyangumi waliimwagia kamba maji ili isiungue kwa msuguano. Hapa maji ni ya kunywa, basi kamba hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo, na ukingo wa mwamba hutandikwa ngozi. Magamba ya mwogeleaji yanalalia mkiani, kwa hiyo chusa kirushwe baada ya kichwa kupita, kikitoka upande wa mkia kuelekea kichwani, ili kiingie chini ya gamba. Kikirushwa kutoka mbele kitateleza. Vikwazo vinne au vitano vikishamwelemea, hana nguvu ya kuzama. Hapo hujitokeza juu, na mikuki mirefu huanza kazi.

Mambo yanaharibika kwenye kamba. Pindo moja likimshika mtoa kamba mguuni, mwenye shoka ana pumzi moja ya kuikata, na akiikata wamepoteza chusa, kikwazo na mita 60 za kazi ya mwezi mzima. Uamuzi huo mmoja unabeba tukio zima. Pia upepo mkali hufuta tuta la mnyama, na wawindaji hubaki wakitazama mchanga usiosema kitu.

*Mvizia.* Uwindaji huu ni wa kifundi, karibu na kazi ya uashi. Watu 14 wanatosha, na hatua zake ni hizi. Tafuta shimo kwa kufuata mizoga mikavu. Zika nanga mbili, kila moja umbali wa mita 15 kutoka ukingoni: gogo la mita 2 linalazwa katika mtaro wenye kina cha mita 1.2, likikingama na upande wa mvuto, na kamba itoke katikati ya gogo kupitia mfereji mwembamba wa mteremko. Mfereji huo ukiwa mfupi na wima, kamba italing'oa gogo kwenda juu, na hilo ndilo kosa la kawaida kabisa. Tandika mbao ukingoni ili uzito usambae, wala wasikae juu yake zaidi ya watu wawili. Chambo ni ngozi ya mbuzi iliyojazwa mchanga hadi kilo 40, na ndoana ndani yake. Itikise, kwa sababu mvizia hurusha mchanga na kukamata pale tu windo linapohangaika.

Akishauma, wavutaji 12 wakitoa kilo 25 kila mmoja kupitia kapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, zinazozidisha nguvu mara 4, wanapata kilo 1,200 kwenye hesabu. Msuguano hula kama robo, zinabaki 900. Hizo hazitoshi kumtoa mnyama wa kilo 1,500 shimoni akiwa anapigana. Zinatosha kumwinua kichwa, na mkuki uingie kwenye kiungo kati ya kichwa na kifua. Kwa hiyo lazima watu wawili washuke. Watashuka juu ya mbao, wamefungwa kamba kiunoni, huku wenzao 12 wakishikilia bila kupumua. Kamba ikikata ukingo, poromoko linawafunika wale wawili kwanza. Kumwagia mchanga maji huufanya usimame, lakini hebu fikiria kikao cha kijiji kinachojadili viriba vingapi vimwagwe chini.

*Msafiri.* Hapa Afrika Mashariki ina urithi wake. Wawaata wa upande wa Tsavo waliwinda tembo kwa upinde mrefu, mwingine wenye mvuto wa zaidi ya kilo 45, na mishale ya sumu ya mti wa jamii ya Acokanthera. Vipande vya mti huchemshwa saa nyingi hadi kubaki kitu cheusi kama lami. Sumu hiyo husimamisha moyo. Ncha ya mshale hufungwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke, na hufunguliwa dakika ya mwisho. Mbinu nyingine ni ya Wahamran wa mpakani mwa Sudan na Ethiopia, walioandikwa katika miaka ya 1860: mpanda farasi mmoja humchokoza tembo amfukuze, mwingine humjia nyuma, hushuka, na kwa upanga humkata mshipa wa mguu.

Kwa mnyama wa tani 12 mshale mmoja hautoshi, hivyo panga siku kadhaa za kumfuata. Hapo maji ndiyo yanayotawala. Watu 12 kwa siku 7, lita 6 kila mtu kwa siku, ni lita 504. Hizo ni viriba 21 vya lita 25, na ngamia mmoja akibeba sita, unahitaji ngamia wanne kwa maji peke yake. Maji yakifika nusu, msafara unageuka, hata kama mnyama anaonekana anapepesuka mbele. Mgogoro wa msafiri uko hapo: kijana anayesema bado kidogo tu, na mkuu wa msafara anayehesabu viriba. Kwenye kokoto nyayo hudumu muda mrefu sana. Kwenye mchanga laini upepo huzifuta kwa saa chache, na kutembea humo humla mtu zaidi ya mara mbili ya nguvu za ardhi ngumu.

Kinachobaki akishauawa

Msafiri ndiye mwenye mali. Tani 12 hutoa labda tani 5 za nyama, na joto la jangwa halitoi zaidi ya siku moja kabla haijaharibika. Sehemu iliyozunguka jeraha la sumu hukatwa na kutupwa. Iliyobaki hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa, au hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta kama nyirinyiri ya kaskazini mwa Kenya. Ikikauka hushuka hadi theluthi au robo, yaani mizigo ya ngamia 9 hadi 12. Kwa hiyo kundi la pili, aghalabu wanawake na wazee, lazima liwe linafuata nyuma na ngamia watupu. Usilisahau, kwa maana bila kundi hilo uwindaji wote ni kazi bure.

Mwogeleaji anatoa ngozi ya magamba na mafuta, lakini ni lazima akokotwe hadi mwambani, au apasuliwe palepale kabla mchanga haujamfunika. Mvizia hutoa kidogo: taya mbili zenye tundu na njia iliyofunguka. Malipo ya wawindaji wake hutoka kwa wenye kisima.

Nani amchague nani

Ukiwa na hadithi fupi ya maneno 5,000, au kikao kimoja cha mchezo, mvizia anakutosha. Mahali ni pamoja, watu ni wachache, na hatari inaelezeka kwa sentensi mbili. Kwa riwaya ndefu atakuishia mapema, labda umpe koloni la mashimo linalosogea kuelekea mji.

Ukitaka jamii yenye vyeo, miiko na uhasama wa koo, mtazame mwogeleaji. Kikosi cha watu 30 kina mrushaji anayesifiwa na mtoa kamba asiyetajwa kwenye nyimbo. Uwe tayari kufanya kazi ya ziada ili asifanane na wanyama ambao wasomaji wamekwisha kuwajua.

Ukipenda safari, mazungumzo ya usiku na maamuzi magumu ya kiutu, chukua msafiri. Anamfaa pia mwandishi asiyependa kubuni viumbe vya ajabu mno, kwani mwaka 1922 huko Mongolia lilichimbwa fuvu la Paraceratherium, ndugu wa vifaru asiye na pembe, aliyekuwa mkubwa kuliko tembo yeyote wa leo. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole: msomaji anayetaka msisimko kila ukurasa atachoka siku ya tatu ya kufuata nyayo.

Kwa wasomaji wa shule za msingi, mvizia na msafiri huelezeka kwa vitu wanavyoviona, kidudu cha mchangani na tembo. Mwogeleaji atahitaji mchoro.

Na ukiwataka wawili katika kitabu kimoja, watenganishe kwa ardhi: mwogeleaji vilimani, msafiri kwenye kokoto. Kisha weka kisima pale mchanga unapokutana na kokoto, na makundi mawili ya wawindaji yafike hapo siku moja, la kwanza likiwa na kamba bila ngamia, la pili likiwa na ngamia bila kamba.